Kisanduku Kilichoropoka

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mama. Kikohozi chake kimepungua, ulimi haujapungua. Asubuhi amenigombeza kwa kukaa kimya bila kukuandikia. Hujambo lakini? Unakula? Usingizi umerudi?

Mimi mzima, tena nina furaha ambayo sijui kama ni halali.

Unamkumbuka mkuu wa mitambo pale hospitalini, yule tuliyemwita Tai kwa kuwa tai ya shingoni haivui hata kwenye joto. Ndiye aliyewaapia wakubwa kwamba mafaili ya wagonjwa yalifunguliwa na watu wa nje kwa neno lako la siri, na kwa kuwa neno la siri halina miguu, basi uliligawa wewe. Ukafukuzwa kama mwizi wa kuku. Mimi, fundi wa chini yake, nikameza mate machungu, nikaanza kuchimba.

Nikagundua kwamba kile kisanduku kinacholinda mlango wa mtandao wetu ni kiropokaji. Ukikipigia hodi kwa namna fulani, kinatapika maneno ya siri ya waliopitia hapo. Watengenezaji walishatoa onyo pamoja na dawa yake. Tai alijua, akapuuza.

Jana, mbele ya wakubwa walewale, nilimwomba abadilishe neno lake la siri, achague alitakalo. Akacheka, akaandika, akaingia. Nikakipigia hodi kisanduku, nikalisoma kwa sauti: “mimindiyebosi”. Mganga mkuu akaangua kicheko. Tai akabadilisha tena. Nikasoma: “mungunisaidie”. Safari hii hakucheka mtu. Nikamuuliza, na hilo nalo amemgawia nani?

Amefukuzwa.

Sasa lililo gumu. Mwezi uliopita alinishtukia, akanifuata stoo ya nyaya, akanisihi tuzibe tundu la kisanduku kimyakimya, naye angekurudisha kazini wiki hiyohiyo. Nilikataa bila kukuuliza. Nikakusikia ukilia kwenye simu, nikanyamaza. Kurudi kwako tu hakukunitosha, nilitaka aumbuke. Tundu likabaki wazi muda wote huo, na siri za wagonjwa nyuma yake. Hilo linaniuma. Yeye haniumi hata kidogo.

Hospitali watakupigia, kurudi ni hiari yako. Ukinikasirikia, ni haki yako. Ila nisikudanganye: angenisihi tena leo, ningekataa tena.

Mama anasema ujifunike vizuri na upige simu. Wasalimie wenzako wa nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye, nisiyejuta vya kutosha.