Salamu za Mwajiri

Majengo, Songea
4 Februari 2024

Mwanangu Kassian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tu wazima, ila goti la mama yako mdogo. Wewe na joto la huko mnaendeleaje?

Nasikia unaomba kazi kupitia wakala. Sikuzuii. Siku hizi viwanda vinaona aibu kuajiri watu, vinawakodi kama maturubai. Basi nenda macho wazi. Wasifu wako uwe kweli tupu, na namba ya simu iwe inayopatikana. Uliza leseni yao. Wakitaka uwalipe, ondoka. Wape nakala za vyeti, cheti halisi kisitoke mkononi mwako. Mkataba usiopewa nakala yake usiusaini. La mwisho, usilionee haya: mwajiri wangu ni nani, ninyi au kiwanda? Unajua mazishi yetu. Makaburini mwongoza ratiba huita salamu za mwajiri. Ujue mapema nani atasimama.

Baba yako mdogo,
Thadei

Mkuranga
2 Machi 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Mimi mzima, goti la mama mdogo lipone. Kazi nimepata, kiwanda cha mabati. Wakala wetu ni mzee Rupert, mtu wa nyumbani kabisa. Nilimwamkia, akaniita mwanangu, akaniagizia chai. Akasema cheti kikae kwake, tunakolala kitaibwa. Swali lako sikuliuliza. Mtu umeshampa shikamoo, unamuulizaje nani atakuzika?

Nimemvuta na Amedeus wa Mama Notburga, wa kule nyumbani Lizaboni. Naye hakuuliza. Alisema kama mimi nimeridhika, yeye nani.

Mwanao,
Kassian

Majengo
20 Machi 2024

Kassian,

Salamu baadaye. Shikamoo ni heshima, hukuuza akili yako. Hao wamejua kwamba mtoto wa Songea akishaamkia amefunga mdomo, ndiyo maana mlangoni wanaweka mzee. Kachukue cheti chako. Na uulize kwa niaba ya Amedeus pia, maana huyo amekuja kwa jina lako.

Baba yako mdogo

Kwa simu, 14 Agosti 2024

Baba mdogo, shikamoo. Unisamehe kimya cha miezi yote hii. Amedeus amefariki. Mnyororo ulikatika, roli zito la bati lililoviringishwa likamwangukia kifuani. Nilikuwa upande wa pili wa mashine, niliona. Kiwanda kinasema ni mtu wa wakala, wakala anasema ni mtu wa kiwanda. Mzee Rupert ametoa jeneza na gari, anataka nisimame mimi kwenye salamu za mwajiri niseme aliugua ghafla. Nikirudi, napewa cheti changu na kazi ya ofisini. Nifanyeje? Tunaondoka jioni hii. Kassian

Kwa simu, siku hiyohiyo

Pole, mwanangu. Simama useme ulichokiona. Nitakuwa nyuma yako. Baba mdogo

Majengo
25 Agosti 2024

Mwanangu Kassian,

Ulifika salama? Uliondoka makaburini bila kupita nyumbani, na mama yako mdogo alikupikia.

Nilikuwa nyuma yako. Ukasema aliugua ghafla. Vijana waliomwosha walikuwa mbele yako, kifua walikiona, wakatazama chini. Mama Notburga akakushika mikono, akakushukuru kwa kumletea mtoto. Mimi ni mtu wa kelele mji huu mzima, na siku ile nilinyamaza, kwa kuwa ulikuwa wangu.

Nimekwenda kwa mwanasheria. Bila aliyeona, madai ya mama yule hayasimami. Aliyeona ni wewe. Njoo. Cheti tutakipigania.

Baba yako mdogo,
Thadei

Mkuranga
9 Novemba 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Mimi mzima. Goti la mama mdogo linaendeleaje?

Sitakuja. Cheti nimerudishiwa. Mzee Rupert amehamishiwa tawi jingine, kiti chake nakikalia mimi.

Juzi amefika kijana wa Lizaboni, Ramson. Tumepishana miaka michache tu, lakini aliniamkia shikamoo. Nikamwagizia chai, nikasubiri aulize. Nilisubiri mpaka kikombe kikaisha. Kisha nikapokea cheti chake, nikakifungia kabatini.

Mwanao,
Kassian