Kifungu Nilichokiruka

Jumapili, saa nane mchana. Mvua imeanza kabla ya adhuhuri na haina nia ya kuacha. Kamembe ikinyeshewa namna hii, Bukavu ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa, unaona ziwa kidogo halafu weupe mtupu. Nimejifungia chumbani na nimesema naumwa kichwa. Siumwi kichwa. Sitaki kukutana na Papa sebuleni, maana tangu jana ananiangalia kwa fahari.

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea. Miaka mitatu ya kusoma sheria imenifundisha kutetea watu, na mtu wa kwanza kufaidika nimekuwa mimi mwenyewe.

Jana nilimtoa mama mdogo nyumbani kwake.

Sikumtukana, wala sikupandisha sauti. Nilimsomea sheria.

Mama mdogo Mwajuma ni mjane wa baba mdogo Hamadi, mdogo wake Papa wa mwisho. Baba mdogo alikuwa fundi wa milango ya chuma. Mama mdogo ni fundi cherehani, na nusu ya sare za shule za mtaa huu zimepita chini ya sindano yake, zangu zikiwemo. Ni mtu wa ng'ambo, wa Bukavu, akaolewa huku kwetu miaka kumi na tisa iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Kiwanja kilikuwa cha babu, lakini nyumba waliijenga wao wawili, chumba kimoja kimoja, mmoja anashona na mwingine anachomelea.

Ndoa yao ilikuwa ya msikitini. Kwenye ofisi ya serikali, ile ya sekta, hawakwenda kuandikishwa. Wakati ule walitakiwa kuleta karatasi kutoka Kongo ya kuthibitisha kwamba bibi harusi hana mume mwingine. Mama mdogo alivuka mpaka mara mbili kuitafuta, na mara mbili aliambiwa mwenye muhuri hayupo. Baba mdogo akasema Mungu ameshawaoza, serikali itasubiri. Wako wengi hapa Kamembe wa namna hiyo. Wana shehe, wana mashahidi, walilipiwa mahari, picha ya harusi iko ukutani, na serikali haiwajui kama mume na mke. Mambo hayo tuliyasoma mwaka wa pili na nilipata alama nzuri.

Sasa uongo wangu ulianzia wapi?

Nilirudi likizo kutoka chuoni Huye wiki iliyopita. Siku ya kwanza tu, mbele ya wageni, kuku alikatiza sebuleni kwa mama mdogo na mimi nikaruka juu ya kiti. Mama mdogo, ambaye alikuwa bado kwenye eda na tulikuwa tumemfuata kwake kumsalimu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Avoka mwenye anaogopa kuku, mbele ya juji atasimama namna gani?" Watu wote walimcheka wakili wao mtarajiwa. Nilicheka pia, na usiku neno lile sikulisahau.

Alhamisi Papa aliniita. Akaniuliza sheria inasema nini juu ya mwanamke ambaye hakuolewa kwa Leta. Alisema "Leta" kama tunavyosema wote hapa, maana yake serikali. Aliuliza kwa unyenyekevu, baba mtu mzima anamuuliza binti yake, na mimi nikavimba kama andazi. Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu wangu wa sheria ya familia. Nikamwambia hana haki, hata ya mlango.

Ijumaa mchana, nikitafuta kifungu cha kuwasomea ndugu kwenye kikao cha kesho yake, nikakutana na kingine. Kinasema juu ya watu walioishi pamoja kama mume na mke bila ndoa ya serikali, na mali waliyoichuma pamoja. Inagawanywa. Nilikisoma mara tatu. Kwenye mtihani nilikuwa nimekijua, halafu mbele ya Papa nikakisahau, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na sauti yangu.

Ningeweza kushuka ngazi tano na kumwambia Papa nimekosea. Papa si mtu mbaya. Anapenda kiwanja cha baba yake, basi, na huenda angenisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakuna aliyenituma kudanganya. Sikutaka tu kuonekana sijui.

Eda iliisha Ijumaa hiyohiyo, miezi minne na siku kumi. Ndugu walikuwa wamengoja iishe, kwa heshima. Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa tumeshakaa sebuleni kwake.

Mama mdogo alidhani tumekuja kumtoa eda. Alikuwa amepika pilau na kukaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, na amevaa kitenge cha rangi. Alitukaribisha mmoja mmoja kwa jina. Tukanawa, tukala. Papa aliomba aongezewe pilau, na mimi pia niliongeza.

Vyombo vilipoondolewa Papa akakohoa.

"Mwajuma," akasema kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambamo bintu ni vitu na njo ni ndiye, "hatuna maneno mabaya na weye. Lakini bintu bya familia biko na njia yake. Huyu mutoto njo mwenye alisoma. Tusikilize sheria."

Mama mdogo aliniangalia akatabasamu. Alidhani nimekuja upande wake.

Nikatoa karatasi. Sheria zetu huchapwa kwa safu tatu, Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kinyarwanda cha sokoni mama mdogo anakiweza sana, lakini cha sheria kinamshinda, na hizo lugha nyingine mbili hazijui. Safu ya Kiswahili haipo. Jana safu ya Kiswahili ilikuwa mdomo wangu.

Nilisoma kwamba ndoa inayotambuliwa ni ile iliyofungwa mbele ya serikali. Nikatafsiri polepole, vizuri, hata nikatoa mfano. Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja, nikaendelea na urithi wa ndugu. Wanaume sita, mmoja wao mzee wa msikiti mwenye ndevu nyeupe, walikuwa wakinisikiliza mimi. Mzee yule alisema mashallah. Niandike ukweli: nilisikia raha. Sijawahi kusikia raha kama ile darasani.

Mama mdogo alikuwa ameacha kutabasamu. Akauliza, "Na nyumba yenye tulijenga siye wawili?"

Nikamwambia hati ya kiwanja iko kwa jina la marehemu.

Kisha akaniuliza, akinitazama machoni, "Mule ndani hamuna kitu ingine, mwana wangu?"

"Hakuna, mama."

Makubaliano nilikuwa nimeyaandika mapema, kwa Kinyarwanda safi, na nafasi ya sahihi nimeipigia mstari kwa rula. Kwamba ataondoka kwa hiari kabla ya mwezi kuisha. Neno "hiari" nililiweka mimi. Papa hakuwa hata amelifikiria. Mama mdogo akatia sahihi bila kubishana, akarudisha kalamu kwa mikono miwili kama tunavyofanya kwa mtu wa heshima, halafu akaenda jikoni kuosha sahani zetu.

Njiani kurudi Papa alinishika bega. Mbele ya ndugu zake akasema, "Huyu njo atatusaidia siye bote."

Sikula chakula cha jioni.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, nilikwenda kwake peke yangu. Nilijipanga njia nzima. Nilikuwa nimechagua hata maneno, kwamba nimegundua kifungu kingine, "nimegundua", kana kwamba kimechapwa jana usiku. Nilimkuta juu ya kiti anashusha mapazia. Cherehani ilikuwa imeshafungwa kwenye shuka.

Nikasema, "Mama, kuna kifungu kimoja ambacho jana..."

"Nilikiona," akasema.

Sikuelewa. Akashuka kwenye kiti taratibu, akakaa, pazia mapajani.

"Iko maman moja wa Nkanka, mwenye nashoneaka nguo yake. Na yeye hakukuwa na ndoa ya Leta. Bwana yake alimufukuza, akaenda kwa abunzi, bakagawanya nyumba. Alinielezea mu eda. Nilikuwa najua kabla ya jana."

Abunzi ni wapatanishi wa mtaa, watu wa kawaida wanaochaguliwa kusikiliza kesi kabla hazijafika mahakamani. Nimeandika insha ndefu juu ya faida zao.

"Sasa mbona ulitia sahihi?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa na ukali, na hata sasa nashangaa niliutoa wapi.

"Nilikuwa nangojea weye," akasema. "Niliona umefunua mbili mara moja. Nikasema, wacha nimuulize. Kama huyu mutoto anasema iko, nitabaki, nitapigana na baba yake na bandugu yake bote. Weye ukasema hakuna." Akalainisha pazia kwa kiganja. "Basi nikajua sina muntu mu hii familia. Nyumba ya kukaa katikati ya bantu wenye habanitake, nitafanya nayo nini?"

Hakulia. Laiti angelia, ningepata kitu cha kufanya.

Nikamwambia twende kwa abunzi kesho, mimi na yeye. Nikamwambia ile karatasi inaweza kupingwa, kwamba mtu akidanganywa kabla ya kutia sahihi, kuna njia. Nilianza kumpangia hoja ya kwanza na ya pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, ananisikiliza kama jana.

Kisha akauliza, "Na weye utasema nini kule? Utasema kama ulinidanganya?"

Nilifungua mdomo. Nikamwona Papa amesimama mbele ya kikao cha mtaa, na mzee wa msikiti pembeni yake. Nikaona jina langu likifika Huye kabla yangu. Kwa mwanafunzi wa sheria uongo wa namna hii ni kitu kinachomfuata mpaka siku ya kula kiapo. Yote hayo niliyafikiria kwa haraka ya ajabu.

Alingoja. Nadhani alingoja zaidi ya nilivyostahili.

"Shika uku," akasema, akanipa ncha moja ya pazia. Tukalikunja pamoja, mara mbili, mara nne, tukakutana katikati, vidole vyake vikagusa vyangu, akalichukua. Tulikunja mapazia yote manne hivyo. Kazi ilipokwisha akasema, "Sasa enda, mvua inakuja." Hakunisindikiza mlangoni. Kwetu hata mgeni usiyempenda unamsindikiza.

Anarudi Bukavu kwa kaka yake Alhamisi. Nimeambiwa na jirani, si yeye.

Nimekaa hapa tangu saa sita nikijaribu kujichukia, na hata hilo silifanyi vizuri. Kila nikianza, kuna kona moja ya kichwa inayosema kwamba kisheria sahihi ni sahihi, kwamba alijua, kwamba mtu anayejua haki yake akaiacha hajadanganywa. Hoja nzuri. Ningeipa alama za juu. Naogopa kwamba hii ndiyo elimu niliyoifuata nikipita msitu wote wa Nyungwe, kati ya hapa na chuo, mara sita kwa mwaka, na kwamba nimeipata.

Papa amegonga mlango nikiwa naandika mistari hii. Amesimama kizingitini, ameuliza kichwa kinaendeleaje. Halafu akasema kuna rafiki yake wa Giheke amesikia habari za jana. Kaka yake alifariki, ameacha mjane ambaye hataki kutoka shambani. Ndoa ya msikitini, vilevile. Anaomba yule binti wa sheria aende Jumatano awasomee.

"Namwambia nini?" Papa akauliza. Alikuwa anatabasamu na anajaribu kuficha.

Ilikuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa umefunguka wenyewe, baba yangu amesimama pale, hakuna shahidi hata mmoja. Ningeweza kusema Papa kaa kitandani, nina jambo la kukwambia juu ya Mwajuma.

Nikamuuliza hiyo Jumatano ni saa ngapi.

Ni saa tatu asubuhi. Ameondoka anapiga mluzi. Nimejiambia kwamba safari hii nitasoma kila kitu, kifungu kwa kifungu, bila kuruka hata mstari. Jana asubuhi pia, nikivaa viatu, nilijiambia hivyohivyo.