Mwisho niliomtungia Zakaria

Malangali, Jumapili jioni, Juni 1995

Na hawa waandishi wa riwaya wananiudhi. Mgonjwa wao anakohoa mara mbili, anasema maneno mazuri, anafumba macho. Kitabu nilichomaliza juzi hakina hata ukurasa mmoja wa kufua mashuka. Mimi leo nimefua mara tatu, kwa baridi hii.

Mdogo wangu Zakaria hawezi tena kutembea hadi kwenye banda la video. Tangu apunguzwe kazini Dar na kurudi huku akiumwa, mimi ndiye ninayekwenda kutazama, kisha namsimulia filamu nzima pale kitandani.

Katika filamu ya leo shujaa, Mchina mmoja, alikufa. Nikamwambia Zakaria kwamba alipona, akarudi kwao, mama yake akampikia ugali wa ulezi. Ugali wa ulezi, Uchina. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Dada, hiyo niliiona Dar. Nisimulie tena, ila usiogope."

Sikuweza. Nikatoka nje kuanua mashuka. Yalikuwa hayajakauka, na hatuna mengine.