Taa Inatumia Nini?

Jumatatu, 9 Machi
Leo tena nimenyamaza. Mwalimu wa fizikia ana kawaida yake: mada ikiisha anauliza, "Swali?" kisha anahesabu hadi tano kwa vidole. Mkono usipoinuka, anaweka alama nyekundu kwenye chati ya ukutani — imeeleweka! — na mada hiyo hairudiwi tena. Alama ni kumi na moja sasa. Mimi nimeelewa nne. Mtihani ni Jumatatu ijayo. Ukipata chini ya hamsini, unatolewa kwenye somo la fizikia. Na mimi bila fizikia sitakuwa fundi umeme, nitakuwa... sijui. Sina kingine ninachokitaka.

Jumanne, 10 Machi
Amefundisha mkondo wa umeme. Unaoingia kwenye taa ndio unaotoka, kasema, uleule, haupungui hata chembe. Wote tukanakili. Sasa kama haupungui, taa inatumia nini mpaka iwake? Nimepekua kitabu kizima — wapi! Swali linanichoma. Kwa Kiswahili ninalo kichwani, limenyooka. Nikilipeleka kwenye Kiingereza, maana darasani ndiyo sheria, linavunjika vipande.

Nimemwambia mama, yuko kwenye cherehani yake. Akacheka: kwani huo mdomo kaushona nani? Si mimi, mwanangu! Halafu eti kuuliza si ujinga. Nyumbani, labda. Darasani ni ujinga wenye mashahidi arobaini.

Jumatano, 11 Machi
Nimefanya jambo la aibu. Swali nimempa Redio, mwenzangu wa dawati — haogopi mtu, hanyamazi hata akiwa anatafuna. Nilimwandikia kwenye karatasi, nikalifupisha asije akasahau. Kidole cha tatu, akasimama: eti taa inakula nini? Darasa likalipuka. Mmoja kule nyuma: "Inakula chaki!" Mwalimu akamuuliza ana maana gani. Redio akanitazama. Mimi nikatazama daftari. Akaambiwa akae, fizikia si mchezo. Na kwa kuwa tumecheka badala ya kuuliza, atauliza tena Ijumaa, ndipo aweke alama.

Kachekwa yeye. Swali lilikuwa langu. Hata sori sikusema!

Alhamisi, 12 Machi
Redio amehamia dawati la mbele. Sasa wanamwita Chaki. Sijala.

Ijumaa, 13 Machi
Naandika nimesimama koridoni, kidaftari nimekiegemeza ukutani. Aliuliza, "Swali?" Kidole cha kwanza. Cha pili. Nikasimama! Mimi! Vichwa vyote vikageuka. Nikafungua kinywa — nikaomba ruhusa ya kwenda msalani. Msalani!! Kicheko kikanisindikiza mpaka nje.

Sikwenda popote. Mlango haukufungwa vizuri, nasikia kila kitu. Anahesabu upya. Moja. Mbili. Basi, nimejimaliza mwenyewe, sina wa kumlaumu. Hata hicho kiti changu humo ndani kina faida kunizidi. Tatu. Nne.

Sauti ya Redio! Anasema, "Mwalimu, ngoja kwanza. Lile swali la juzi halikuwa langu. Lina mwenyewe, na lilikuwa zuri, mimi ndiye niliyeliharibu. Yuko hapo nje, hajaenda kokote, namjua."

Hakuna anayecheka.

Nyayo zinakuja mlangoni. Viatu vya mwalimu. Na mimi kichwani sina neno hata moja, si la lugha hii wala la ile, na mlango unavutwa, na —