Namba ya Mkaa kwenye Ubao wa Mama Zuhura

Mkuza, Kibaha

Mdogo wangu mpenzi Nakiete,

Marahaba kwa shikamoo zako zote za kwenye simu, hata zile zilizokatika katikati. Magoti yako yanaionaje baridi ya Usangi mwaka huu? Sisi huku hatujambo. Mimi natembea kwa miguu mitatu, miwili ya Mungu na mmoja wa fundi seremala.

Uliponiuliza kesi yangu imefikia wapi nilikujibu tu kwamba inaendelea, maana simu haitoshi. Leo nimekaa mezani nikueleze yote, kwa sababu nimeona jambo ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuliona.

Unakumbuka niligongwa asubuhi nikitoka kununua mbegu za mchicha. Ninachokumbuka mimi ni boneti nyeupe, basi. Nilizinduka kesho yake hospitalini, nyonga imevunjika, muuguzi ananiambia, "Mzee, binti yako ana huruma. Alilia hapa mpaka tukamtoa nje." Nikamwambia mimi sina binti, nina wavulana watatu. Akamtazama wifi yako, kama anayeuliza iwapo akili zangu zimerudi zote.

Kwenye faili langu walikuwa wameandika: ameanguka bafuni. Nikueleze kwa nini maneno hayo mawili yalikuwa ukuta. Mtu akigongwa, polisi humpa fomu iitwayo PF3, daktari anaijaza, na madai yote huanzia hapo. Gari likiwa na bima, unadai kampuni ya bima. Likiwa halina, unamshtaki mwenye gari na dereva wake. Lakini gari likikimbia na mwenyewe asijulikane, unamdai nani? Upepo? Mimi nilikuwa chini hata ya hapo, maana kwa maandishi sikuwa nimegongwa kabisa. Na daktari alikwisha sema nyonga inataka upasuaji wa pili, la sivyo sitatembea tena bila mkongojo. Uwezo wetu ulikuwa umeishia kwenye ule wa kwanza.

Askari wa usalama barabarani alisoma karatasi zangu, akaniuliza, "Mzee, bafu lenu liko barabara ya Morogoro?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Wifi yako ndiye aliyeanza kupeleleza. Alikwenda pale nilipogongwa, penye wauza mihogo ya kukaanga, akauliza mmoja mmoja. Dereva wa bajaji akamwambia, "Huyo binti wa mzee ni Mama Zuhura, anakaanga mihogo hapa. Mimi ndiye niliyewapeleka hospitali. Sasa hivi yuko kwao Maneromango, anamuuguza mama yake."

Tukamfuata. Kutoka Kisarawe mjini barabara ni mashimo matupu, na nyonga yangu haikuruka hata moja bila kulihesabu. Tulimkuta uani anamenya mihogo, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Aliponiona kisu kilimponyoka.

"Baba! Kumbe upo hai?"

"Nipo, mwanangu. Mbona ulisema nimeanguka bafuni?"

Akajifunika uso kwa kanga. "Nisamehe. Damu ilikuwa inatoka. Nikajua nikitaja gari wataniambia nenda polisi kalete PF3, na nikisema simjui huyu mzee, maswali hayataisha. Nikasema ni baba yangu, na bafu letu lina utelezi."

"Na utelezi ukauongeza!" wifi yako akasema, tukacheka sote watatu.

Baadaye mwanasheria alinieleza kwamba mgonjwa wa dharura anatakiwa kutibiwa kwanza, fomu ifuate. Mama Zuhura hakulijua hilo. Wengi hatulijui.

Nikamuuliza kama aliliona gari. Aliingia ndani, akatoka na ubao wa kukatia kachumbari, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akaugeuza. Nyuma yake kulikuwa na namba ya gari, nzima, kuanzia T hadi herufi ya mwisho, imeandikwa kwa mkaa. Alichukua kipande kando ya jiko lake palepale, pikapu iliyonigonga ikiwa bado inakimbia, ndipo akaja kuniinua.

"Nilijua watakuja kuuliza," akasema. "Hawakuja. Nikanunua ubao mwingine."

Nakiete, nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, sijaona mwandiko ulioninyamazisha namna ile. Miezi saba mwanamke huyu alilinda vumbi la mkaa lisifutike, kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina.

Tulirudi naye Kibaha. Askari yuleyule alimwonya kwamba akiandikisha maelezo, anakiri kuwa alidanganya hospitali, na mahakamani watamshikia hapohapo. Mama Zuhura akauliza, "Nisipoandikisha, mzee atapata haki yake?"

"Sidhani."

"Basi andika. Andika nilidanganya, halafu andika na gari."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jalada likafunguliwa, na PF3 nikapewa.

Namba ilitupeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kisarawe. Bima ya gari lake ilikuwa imekwisha kitambo, kwa hiyo tukamshtaki yeye pamoja na dereva wake. Wakili wao alimwandama Mama Zuhura. "Wewe ni mwongo, sivyo?"

"Siku ile nilikuwa mwongo, mheshimiwa. Leo siyo. Niulize tena."

Hakimu alipoletewa ubao aliutazama muda mrefu. Kisha akamwambia karani aushike pembeni, asiguse katikati.

Wiki mbili zilizopita mwenye gari aliacha kubisha. Amesaini makubaliano mbele ya mahakama kwamba atagharimia upasuaji, na amekwisha anza kulipa. Nitaingia chumba cha upasuaji mwezi ujao.

Najua Jumapili mtaniombea kanisani. Mwambie mchungaji aanze na Mama Zuhura wa Maneromango, ndipo anitaje mimi. Ni Mwislamu, mchungaji asisite kwa hilo.

Msalimie shemeji, shangazi yetu mkubwa anayeishi bondeni, na mwalimu mwenzangu mstaafu jirani yenu. Wifi yako anakusalimu sana.

Nakupenda, mdogo wangu.

Kaka yako,
Eliamini