Wimbo wa Mazishi wa Mwalimu Bekhit

Naga Sidhom, Sohag
20 Januari 1993

Febronia,

Salamu. Natumaini wewe, mumeo na mwanao hamjambo huko Kairo. Mimi mzima, isipokuwa meno mawili ya mbele yameng'oka na pumzi haifiki tena inapotakiwa kufika. Anayeniandikia ni Istir, mke wa mlinzi wa kanisa, maana hali ya macho yangu unaijua na mwandiko wa mumewe hausomeki.

Sina maneno mengi. Wanafunzi wangu wawili wa nyimbo za kanisa wameondoka. Mmoja anabeba mizigo ya watalii Hurghada, mwingine ameoa na sasa koo linamuuma kila Jumapili. Wote wawili waliacha kabla sijawafundisha wimbo wa mazishi. Wimbo ule, kwa sauti ya kijiji chetu, nilipewa na mwalimu wangu, naye akapewa na wake, na hakuna aliyewahi kuuandika. Leo naujua mimi peke yangu. Nikifa nitazikwa kimya kama ngamia.

Kaka yako Wahba simhesabu. Mlete mwanao Kirollos shule zikifungwa. Ana miaka kumi na mmoja, sauti bado haijavunjika. Nitamkabidhi imani kama nilivyokabidhiwa mimi. Visingizio vya masomo na homa sitaki kuvisikia.

Baba yako,
Mwalimu Bekhit


Shubra, Kairo
9 Februari 1993

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole kwa meno.

Dada Istir, najua wewe ndiye unayesoma. Soma yote, usiruke, hata akikwambia inatosha.

Baba, Kirollos sitamleta. Wahba alikuwa na miaka minane ulipoanza kumfundisha nyimbo. Akikosea irabu moja, fimbo ya mtende kiganjani. Mimi ndiye niliyekuwa nampaka samli usiku ili kesho yake aweze kushika kalamu. Sasa yuko Dubai mwaka wa kumi na tano na hajakanyaga kanisa. Aliniambia akisikia matoazi tu, viganja vinamwasha. Hiyo ndiyo imani uliyomkabidhi.

Na mimi je? Nilikufuata nikiwa na miaka kumi, nikakuimbia wimbo wa asubuhi wote bila kosa. Nilikuwa nimeushika kwa kukaa nyuma ya mlango ukiwafundisha wavulana. Ulichosema ulishasahau, mimi sijasahau: "Sauti ya mwanamke ni ya kuitia kuku. Rudi jikoni." Nikarudi. Leo wanaume wamekuishia ndiyo umekumbuka kwamba nimezaa mmoja.

Kirollos anakwenda kanisani na mimi kila Jumapili, tena kwa kukimbia. Anapapenda kwa sababu hakuna aliyewahi kumpiga mle ndani.

Binti yako,
Febronia


Naga Sidhom
24 Februari 1993

Febronia,

Salamu za Mfungo wa Kwaresima, ambao umenifanya niuanze na hasira.

Istir alisoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, kisha akaenda kunawa uso. Umefurahi? Kesho yake kijiji kizima kilijua. Hata muuza chumvi aliniuliza habari za Wahba.

Mimi nilipigwa na mwalimu wangu mpaka nikapasuka sikio, na siku anakufa nilimbusu mkono. Wimbo hauna huruma. Ukiacha mtu akosee leo, kesho mwanawe ataliimba kosa kama ndio ukweli, na baada ya miaka mia huna kanisa, una kelele. Wazee wetu walilipia imani hii kwa shingo zao. Wewe unaogopa kiganja.

Endelea kumlea kwa sukari. Siku mwanao akikuzika, atakuchezea kanda ya dukani.

Baba yako


Shubra
15 Machi 1993

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa.

Umesema kanda, basi ninakuletea kanda. Mwenye kuibeba ni mtoto wa jirani yetu Abu Makar, anakuja huko kwa treni. Nimeurekodi wimbo wako wa mazishi, wote, dakika kumi na tisa. Nimeuimba jikoni mume na mtoto wakiwa hawapo. Huo mngurumo unaousikia ni jokofu.

Sijauimba ili unisifu. Nataka ujue kwamba unapolia kuwa ulimwengu mzima hauna anayeujua isipokuwa wewe, unasema uongo, na umekuwa ukiusema kwa miaka zaidi ya ishirini.

Binti yako


Naga Sidhom
30 Machi 1993

Febronia,

Kanda imefika. Nimeisikiliza mara kumi na moja kwenye redio ya Istir, na betri zimekwisha.

Kwanza, wimbo wa mazishi hauimbwi ndani ya nyumba ya watu wazima wasio na mgonjwa. Unaita mauti jikoni kwako. Hukufunzwa adabu?

Pili, kuna makosa manne. Mwanzo umeanza juu mno, kama mtu anayeuza nyanya. Kwenye neno la pili umepindisha sauti mara sita, ni mara saba. Mwisho umeharakisha, sijui ulikuwa na chungu motoni.

Hayo matatu ni ya uzembe. La nne ni dhambi. Katikati, pale sauti inapopanda kuomba milango ya mbinguni ifunguliwe, umenyamaza pumzi nzima, kisha ukaendelea mbele. Umeruka kipande kizima, kilicho kizuri kuliko vyote. Nani amekufundisha kukata? Kama ni hao mashemasi wenu wa Kairo, waambie mwalimu Bekhit amewalaani.

Baba yako


Shubra
6 Aprili 1993

Kwa Baba,

Shikamoo.

Hakuna aliyenifundisha kukata. Umekata wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipomzika Mama. Nilisimama nyuma na wanawake, shangazi amenishika bega. Uliimba vizuri mpaka ukafika pale pa milango. Ukanyamaza. Mashemasi hawakujua la kufanya, wakaendelea kugonga matoazi. Kisha ukaushika wimbo mbele zaidi, ukaumaliza. Sikujua kama hilo ni kosa. Nilidhani wimbo uko hivyo, na nikaona aliyeutunga alikuwa anawajua watu.

Na haikuwa siku ile tu. Mzee Sidrak ulimzika hivyo hivyo. Mke wa padri hivyo hivyo. Mpaka naolewa na kuondoka, kila mazishi niliyohudhuria uliruka pale pale. Kama mimi nimelaaniwa, jilaani na wewe kwanza.

Umenipigia kelele maisha yangu yote kuhusu irabu moja, Baba. Kumbe kipande kizima kimekutoka, na kijiji kizima kimekustahi kwa kunyamaza.

Pasaka njema.

Binti yako


Naga Sidhom
8 Juni 1993

Febronia,

Salamu. Natumaini hamjambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nilimwambia Istir aichome. Hakuichoma. Aliificha kwenye pipa la ngano, na baada ya Pasaka akaja nayo tena.

Nilimwambia kwamba wewe ni mwongo. Nilisubiri akubali. Nikamuuliza, "Istir, nami nanyamaza pale?" Akasema, "Ndiyo, mwalimu. Sote tunavuta pumzi pamoja nawe." Mwanamke anafua nguo za kanisa, hajui hata herufi moja ya Kikopti cha nyimbo zetu, na anajua wimbo wangu kuliko mimi.

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikamwambia anipeleke makaburini, kwenye kaburi la mama yako. Nilitaka nikiimbe kile kipande kwa usahihi, mara moja, ili nikuandikie jinsi kilivyo. Nimekiimba kichwani kila siku tangu nikiwa kijana. Nilifika pale nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nikaanza upya. Hakuna kitu. Niliimba mpaka jua likawa kali na Istir akanifunika kwa mtandio wake. Kinachokuja nikifika pale ni mama yako tu, jinsi alivyokuwa mwepesi tulipomnyanyua.

Mwalimu wangu ameshakufa. Hakuna wa kumuuliza. Basi kipande kile hakipo tena duniani, na mimi ndiye niliyekipoteza.

Uimbe hivyo hivyo ulivyousikia. Ukimfundisha mtu, usimwambie kwamba ni kosa.

Mbele ya madhabahu hutasimama kuimba, na sitakudanganya. Sheria hiyo si yangu, na hata ingekuwa yangu nisingeibadilisha. Lakini lile neno la kuku nililisema, ninalikumbuka. Ulikuwa umeimba vizuri. Nilitamani ungekuwa Wahba.

Baba yako


Shubra
2 Novemba 1993

Kwa Baba,

Shikamoo. Istir ameniandikia kwamba unakohoa na hutaki dawa. Kunywa dawa.

Sikuja kiangazi, na si kwa kukosa nafasi. Barua yako niliisoma mara nyingi. Sijakusamehe. Habari za Wahba ni zako na yeye, mimi sitakuombea msamaha kwake. Nilimsomea ile barua kwenye simu, akakata.

Kirollos aliusikia wimbo nilipokuwa naurudia jikoni, akaomba afundishwe. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu alikuja na wenzake wawili kutoka kwaya ya mashemasi wadogo, wakakaa sakafuni jikoni kwangu, wakasema hawaondoki. Wakikosea tunarudia, basi. Imetuchukua miezi minne. Makosa yangu mawili nimeyasahihisha. Lile la kupindisha sauti nimeliacha, maana nadhani ni mara sita na wewe ndiye unayekosea.

Jana tulimzika mzee Fanus, fundi viatu wa mtaa wetu. Wao waliimba mbele, mimi nilisimama nyuma na wanawake. Walipofika pale pa milango wote watatu walinyamaza pamoja, pumzi nzima, matoazi peke yake. Mjane wake alikuwa hajatoa chozi tangu asubuhi, watu walishaanza kuogopa. Hapo ndipo alipolia.

Binti yako,
Febronia