Watoto wa Mbwa Wana Baba Wawili

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Maziwa ya watoto wa mbwa yapashe kidogo tu, yasichemke. Yule mweusi mdogo mshike kichwa, bado hajui kunyonya vizuri.

Asubuhi daktari wa mifugo alipoleta majibu, kwamba watatu ni wa dume lako na wawili ni wa mbwa wa jirani, ulimwita mwongo. Si mwongo. Jike anaweza kushika mimba ya madume wawili kwa mpigo. Kosa ni langu. Niliacha geti wazi nikianika nguo, siku zile jike yuko kwenye joto. Nikanyamaza, nakuogopa siku hizi.

Ulisema utawatupa mtoni hao wawili. Hilo ningelivumilia mpaka hasira zikuishe. Lakini ukamgeukia binti yako, kijiko kiko mdomoni mwake, ukasema, "Hata humu ndani yuko wa kupimwa." Mkeo yuko kazini, hakusikia. Mtoto alisikia. Ana miaka tisa, unadhani haelewi? Alikwenda kwenye kioo akasimama, kisha akaniuliza, "Bibi, mimi nimefanana na nani?"

Nikamwambia, na mimi.

Tutarudi jioni. Hapana, hiyo nimeikata. Mimi na mtoto tuko kwa dada yangu na hatutoki mpaka uje. Ukifika usianze na mimi. Simama mlangoni umwite yeye, umwite "binti yangu," watu wote wa nyumba wasikie.

Mama yako